Mkoba wa Wifi

Kabla ya keki alikuwa mshonaji, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Fundi. Macho yalipoanza kumsumbua akauza cherehani, lakini mikono ikakataa kustaafu, ndipo akahamia jikoni. Watu wengine huoka keki ya duara, wakaipaka krimu na kuridhika. Fundi hakuwa na ushamba huo. Yeye alichora umbo kwenye karatasi, akakata keki kwa kufuata karatasi kama anayekata sketi, akaunganisha vipande kwa siagi na sukari, halafu akasukuma aisingi, ule utando wa sukari, mpaka ikawa nyembamba kama kitambaa. Penye kupinda alibana kwa pini. Ndiyo, pini zilezile za kushonea, zilizochemshwa na kupangwa kwenye kisahani, kumi na mbili. Aisingi ikikauka anazichomoa na kuzihesabu.

"Si utumie vijiti vya meno kama wenzio?" mumewe alimuuliza mara nyingi.

"Kijiti kinaacha tobo, baba. Mimi sitoboi kazi yangu."

Basi keki zake zilikuwa na kila sifa isipokuwa moja: haziliwi. Kiatu cha mpira alichomtengenezea mtoto wa jirani, chenye kamba na matope ya chokoleti, kilikaa kwenye friji mpaka kikaota ukungu. Daktari wa meno alitengenezewa gego lenye mizizi mitatu, akalitia kwenye kabati la vioo sebuleni, na sisimizi wakalimaliza kimyakimya. Kwa kweli sisimizi ndio wateja pekee waliowahi kuonja mkono wa Fundi. Wengine walipiga picha tu na kusema, "Nzuri mno, hatuna roho ya kuikata." Fundi alicheka nao, lakini moyoni alikuwa anaumia. Mayai kumi, siagi safi, maganda ya limau yaliyokwaruzwa kwa mkono, na hakuna aliyejua.

Aliyemkata maini zaidi ni wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu mkuu wa shule ya jirani. "Wifi yangu haoki keki," alikuwa akiwaambia watu, "anachonga sanamu." Miaka minane Fundi aliusikia utani huo, na miaka minane aliutabasamia. Kwa hiyo wifi alipofika siku ya kustaafu, Fundi aliapa kwamba safari hii keki italiwa, tena italiwa na wifi mwenyewe, mbele za watu. Akamfuata nyumbani.

"Wifi, nakuletea keki. Ila niahidi kitu kimoja. Utaikata na utaila."

"Ikikatika nitakata," wifi akajibu. "Nisije nikavunja kisu."

Fundi alichagua mkoba. Mtu hawezi kumfikiria wifi bila mkoba wake wa kahawia, ambao ameubeba kwapani tangu shule ilipokuwa na madarasa mawili. Siku tatu alikaa mezani na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Aliweka mishono ya pembeni mmoja mmoja, akaweka zipu, akaweka mkwaruzo ulio karibu na kishikio, na kishikio chenyewe akakisimamisha kwa pini. Mumewe alipoingia jikoni alidhani ni mkoba wenyewe, akataka kumrudishia dada yake, na hakuna sifa ambayo ingempendeza Fundi kuliko hiyo.

Mchana wa sherehe walichelewa. Mume alikuwa mlangoni na funguo mkononi, anahimiza, basi Fundi akachomoa pini harakaharaka na wakaubeba mkoba kwa mikono minne mpaka kwa wifi, mtaa wa pili. Wageni wakapiga makofi. Fundi akarudi nyumbani kubadilisha gauni lililojaa unga wa sukari, na alipopita mezani macho yakaangukia kwenye kisahani. Akahesabu. Akahesabu tena, akainama chini ya meza, akakung'uta aproni. Zilikuwa kumi na moja.

Alikimbia na ndara za jikoni. Alipofika, wifi alikuwa amesimama katikati ya sebule, kisu kimegusa zipu.

"Wifi, usikate!"

Wifi akakiondoa kisu polepole na kuwageukia walimu wenzake. "Mnaona? Juzi kaja kunibembeleza nikate. Leo nakata, hataki!" Watu wakavunjika mbavu.

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Angecheka nao, angekubali kwamba ana maringo na kazi yake, akabeba mkoba wake mzima kwenda nyumbani, na jina lake lingebaki safi. Ila ule utani wa sanamu ungebaki pia, mpaka kaburini.

"Kuna pini ndani," akasema.

"Kuna nini?" akauliza mwalimu wa hesabu.

"Pini. Moja. Ya kushonea."

Hakuna aliyecheka. Wifi alimtazama Fundi kwa jicho la mwalimu mkuu, kisha akakunja mikono ya blauzi yake mpya. "Haya. Kila mtu akanawe mikono. Leteni sinia zote. Tutaupekua huu mkoba tonge kwa tonge, na nisimwone mtu anatia mdomoni kitu ambacho hakijakaguliwa."

Mkoba wa siku tatu ukavunjwa kwa dakika mbili. Walimu kumi na wanne walikaa wakisaga makombo kwa vidole, makini kama wanaosahihisha mitihani. Fundi alisimama ukutani akiangalia mishono yake ikigeuka unga. Kisha mwalimu wa hesabu akalamba kidole. Akatulia. Akachota kombo jingine.

"Hili nimeshalikagua," akajitetea, na kulimeza.

Jirani yake naye akakagua na kumeza. Muda si muda sebule yote ilikuwa inakagua kwa bidii, na sinia zinapungua. Pini aliipata wifi mwenyewe, chini ya kishikio. Akaiinua watu waione, akaiweka kwenye kibati, na mkono ukarudi kwenye sinia.

"Tuendelee. Huenda ziko mbili."

"Ni moja tu, wifi. Nimehesabu."

"Kuhesabu kwako ndiko kulikotufikisha hapa," wifi akajibu, mdomo umejaa. Halafu akasema maneno ambayo Fundi aliyangoja miaka minane: "Kumbe wifi unajua kuoka! Mbona ulikuwa unatuficha?"

Fundi alirudi nyumbani akitembea juujuu. Hata ndara alisahau kuzionea aibu.

Wiki iliyofuata wifi alipiga simu. Alikuwa na wageni Jumamosi. "Nataka keki yako ileile, wifi. Ila usijisumbue na maumbo. Duara tu, tusipoteze muda, tule." Daktari wa meno naye, habari zilipomfikia, akaagiza duara. Mwalimu wa hesabu akaagiza mbili, akasisitiza zisipakwe chochote.

Jumamosi asubuhi duara la wifi lilikuwa mezani, limepoa. Fundi alisimama mbele yake, miwani miwili usoni, mikono haina cha kufanya.

"Si ulitaka waile?" mumewe akauliza.

"Nilitaka."

"Sasa unalia nini?"

"Nilitaka wauone mkoba, halafu waule," Fundi akasema. "Hii hata wewe unaweza kuoka."

Akafuta macho kwa aproni, akaitia keki kwenye boksi na kutoka kuipeleka, maana wifi alikuwa anasubiri.