Jogoo Aliyenadiwa Mocímboa

Tulitoka Masasi kwa sababu ya bati. Wenzetu wa kanisa dogo la Mocímboa da Praia walikuwa wamerudi makwao baada ya vita wakakuta kanisa limebaki kuta tupu, na mchungaji wetu akasema kwaya isiyoweza kuezeka ni kelele tu. Basi tukavuka mpaka kwa daraja la Mtambaswala, yeye, mimi na wanakwaya wachache, tukiwa na misumari mingi kuliko nguo.

Njia ya Mueda ilitutikisa mpaka sauti ya kwanza ikaimba ya tatu. Kwenye kizuizi kimoja askari alitazama misumari, akatazama vitabu vya nyimbo, akauliza tunakwenda kumpigilia nani.

Mocímboa tulifika alasiri. Nyumba za waumini zilikuwa hazijasimama, hivyo tukalala kwa jirani yao Mwislamu, Mzee Saide, muuza samaki wakavu. Shikamoo ilikuwa ileile ya kwetu, na kusukumizwa chakula vilevile, ila chai yao huja na mikate ya Kireno. Kesho yake akatupa kitoweo: jogoo wake, yuleyule anayemwamsha kwa swala ya alfajiri.

Jumapili ndipo tulipoharibu. Kwetu zawadi nono kama ile hupelekwa kwanza madhabahuni, na baada ya ibada hunadiwa nje ya kanisa. Mchungaji akamnadi jogoo kwa sauti yake ya Masasi. Mzee Saide akaisikia barazani kwake, akaja mbio, akapandisha bei mpaka akamchukua. Kisha akatukabidhi tena. Mchungaji machozi yakamlenga. Akamtoa sadaka mara ya pili, akamnadi. Safari hii alimnunua jirani mwingine, naye akaturudishia. Wengine wakaanza kuleta nazi na mchele. Vyote tukavinadi.

Mzee Saide akanivuta kando.

"Mwanangu, mmeishiwa nauli? Semeni tu. Kuku huyu kachoka."

Niliona aibu mpaka miguuni. Nikamweleza habari ya sadaka na bati. Alicheka hadi kofia ikamdondoka.

"Na sisi msikiti twaujenga kwa michango," alisema. "Ila hatumnadi kuku wa mwenyeji mbele ya mwenyeji."

Bati zilipatikana, tukaezeka. Siku ya kuondoka nikambembeleza amchukue jogoo wake, maana bila yeye angepitwa na swala. Alikataa katakata: zawadi hairudi. Jogoo akavuka daraja mapajani mwangu.

Nilichojifunza ni kwamba ukarimu wa kule na wa kwetu ni mmoja, na wote una ubishi. Kengele ya simu, anasema Mzee Saide, humwamsha bila kumtoa kitandani. Kwa hiyo sasa jogoo akiwika hapa Masasi, nampigia, natoka na simu hadi bandani. Nilitumwa ng'ambo kuezeka kanisa, na kila alfajiri naamsha mtu aende msikitini. Mchungaji anajua. Yeye ndiye anayeninunulia vocha.