Foleni ya Mikono

Mwalimu Nakhumicha hakusikia mahubiri hata kidogo. Mguu wake ulitikisika chini ya benchi mpaka mzee wa mbele akageuka kumwangalia. Angetulia vipi? Katika kanisa hili la Kangemi, ibada ikiisha watu hutoka mmoja mmoja, kila anayetoka huwapa mkono waliotangulia, kisha husimama mwisho wa foleni ili naye asalimiwe. Leo Jacklyne, mwanafunzi wake wa miaka minane mwenye usonji, angepita foleni hiyo yote.

Kabla ya ibada, Zedekiah, baba mtu, alikuwa amemvuta mwalimu kando. "Mwalimu, akikataa kusalimia watu leo, kesho anaenda ushago na mama yangu, akae huko kijijini. Kwetu Mountain View watu wameongea sana."

Hao watu, Nakhumicha alitamani kuwapa vidonge vyao.

Muhula mzima darasani Kinoo walikuwa wamefanya mazoezi. Mpishi, askari wa geti na watoto wengine wanajipanga ukutani, Jacklyne anapita. Shika mkono, sema habari, achia, songa. Ukizidiwa, usiume mtu, sema imetosha.

Jacklyne akatoka. Mkono, habari, achia, songa. Zedekiah akaanza kutabasamu. Kisha mtoto akafika kwa nyanya yake, mama yake Zedekiah, ambaye kwao huitwa Kukhu. Kukhu haachii mkono. Bibi wa kwao magharibi akikushika, hakuachi mpaka amalize habari za shule, za mvua na za ng'ombe. Mwalimu mwenyewe alilelewa na mikono hiyo, na hakukumbuka kumzoesha Jacklyne nayo darasani.

Jacklyne akavuta mkono. Kukhu akaukaza, akimuuliza kama amekula. Mtoto akaanza kuyumba na kuguna. Nakhumicha akajipenyeza kati ya watu, akamkanyaga yule mzee wa benchi wala asiombe radhi.

"Imetosha, Kukhu," Jacklyne akasema, kanisa zima likasikia.

Watu wakageuka. Mtoto kumwambia mtu mzima hivyo ni utovu wa adabu, na Zedekiah alijifunika uso kwa aibu.

Kukhu akaachia. Akautazama mkono wake, kisha akamgeukia mwanawe.

"Umesikia? Ameniita. Tangu azaliwe hajawahi kuniita." Akamwonyesha mwalimu kwa kidevu. "Huko kwangu nani atamfunza maneno ingine? Kesho narudi peke yangu."

Jacklyne alikuwa ameshasonga, anamsalimia mtu anayefuata.