Tulivyokwenda Kuyaona Maji

Kalenda ile iliisha muda wake zamani, lakini mama hakuitoa ukutani. Alizikata tarehe kwa mkasi akabakiza picha: maji meupe yanaanguka kutoka juu ya mwamba, mapana kuliko shamba lolote la kijijini kwetu Mlali, na upinde wa mvua umekatiza katikati. Chini imeandikwa kwamba ni Zambia. Kwetu Kongwa maji tunayaona korongoni mara chache kwa mwaka. Yanapita mbio kama mtu aliyechelewa msibani, kisha unabaki mchanga. Kwa hiyo sishangai kwamba mama aliipenda ile picha. Ninachoshangaa ni kwamba tulikwenda kweli.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini. Shule niliishia darasa la saba, na ninaandika jioni nikishafunika mashine. Mara nyingi nikisoma nilichoandika jana naona kuna mtu nimemwonea, nafuta. Habari ya safari hii nimeifuta sana, kwa sababu tulikwenda watatu kwa gari moja, na tuliporudi ilikuwa kama kila mtu alikwenda kwake.

Gari lilikuwa la shemeji, mume wa mdogo wangu. Ni karani katika ofisi moja kule Mtumba, na kwao ni Busi, Kondoa. Ndiye aliyejitolea kumpeleka mama wakati wa likizo yake ya Oktoba, na hili naliandika mapema ili lisisahaulike huko mbele: bila yeye mama angezeeka akitazama kalenda. Oktoba tuliikubali wote. Mavuno yapo ghalani, mashamba yamesafishwa, mvua bado. Mkulima wa kwetu husafiri lini kama si Oktoba? Hatukuuliza kama maji nayo yana msimu wake.

Aliyebaki nyumbani ni mama mkubwa, dada yake mama, ambaye wanakaa ua mmoja. Alibaki na mbuzi na kuku kwa makubaliano. Mama atangulie akaone. Pakiwa ni pazuri, kina mama wa kwaya yao nao waende mwaka unaofuata, na yeye mama mkubwa awe wa kwanza kupanda basi. Hajawahi kufika mbali zaidi ya Dodoma mjini. Kabla hatujaondoka alinijia na kitenge cha bluu.

"Nishonee gauni la safari, mwanangu."

"Mama mkubwa, si mpaka tulete habari kwanza?"

"Wewe shona. Litakaa sandukuni linisubiri."

Nikashona.

Sasa kuna jambo moja la kueleza. Kwa sisi Wagogo, mama hazungumzi ovyo na mkwe wake. Hawaketi karibu, hawatazamani usoni, wala hawaulizani mambo moja kwa moja. Ndani ya gari dogo, kutoka Dodoma mpaka Zambia, heshima hiyo ilikuwa kazi yangu. Shemeji mbele, mama nyuma amegeukia dirishani, na mimi katikati nabeba maneno.

"Mwambie mkwe wangu, hizi ni mbio za kwenda wapi? Maji yatatoroka?"

"Mwambie mama niko themanini tu."

"Mama, anasema yuko themanini."

"Nimesikia. Mwambie themanini ni umri wa kupumzika."

Shemeji akakohoa ili asicheke mbele ya mama mkwe. Akapunguza.

Mpakani Tunduma ndipo walipoanza kuachana kimawazo. Kabla gari halijasimama tulizingirwa na watu: huyu anabadilisha fedha, huyu anajua foleni fupi, huyu anauliza kadi za chanjo. Mmoja alizichukua pasipoti zetu mkononi mwa shemeji akakimbia nazo, na shemeji akakimbia nyuma yake na shati likichomoka surualini. Nilidhani tumeibiwa. Kumbe yule jamaa alikuwa ametuwahia nafasi dirishani. Kweli alitaka malipo yake, na shemeji alilipa amekunja uso. "Huu ni usumbufu," aliniambia. Mama, ambaye wakati huo alikuwa ameshaamkiana na muuza ndizi, alisema hajawahi kupokelewa na watu wengi namna ile.

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Ndiyo shida yangu.

Tulipofika kwenye maporomoko, getini kulikuwa na mtu wa kukodisha makoti ya mvua. Alisema kule ndani mvuke unalowesha mpaka mifupa. Shemeji, ili mama asishikwe na mafua, akakodi makoti matatu ya plastiki, ya njano. Basi tukaingia na joto lile la Oktoba, tumefungwa vifungo mpaka shingoni kama vifaranga vitatu, jasho linatiririka, tukiifuata njia hadi kwenye uzio wa mwisho.

Mbele yetu kulikuwa na mwamba mkavu, mweusi, mrefu, umekwenda mbali. Pembeni kabisa kulikuwa na uzi wa maji, kama mtu amesahau kufunga bomba.

Halafu mama akanivuta mkono.

"Niambie ukweli. Ndipo hapa?"

"Ndipo, mama."

Aliutazama mwamba kutoka upande huu hadi upande ule.

"Mwambie mkwe wangu nimetoka Dodoma kuja kutazama ukame wa watu."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini na koti lake la njano, na mimi nikaketi kando yake, na wazungu wawili waliokuwa wakipiga picha mwamba wakatupiga na sisi. Shemeji hakucheka. Alivua koti akalikunja taratibu kama anakunja bendera. Nilimwonea huruma. Mtu ameendesha gari njia nzima ili ampe mama mkwe zawadi, na boksi lilipofunguliwa halina kitu.

Mlinzi wa pale alitueleza kwamba maji hujaa Machi na Aprili, na kwamba miezi ile ya kiangazi mengi yako ng'ambo ya daraja, nchi nyingine tena.

"Mwambie mama," alisema shemeji, "pasipoti yangu imechoka kugongwa mihuri."

Njiani kurudi garini tulipita kwa wauza vinyago. Hapo wasafiri wengine walikuwa wanatembea wakitazama mbele tu, kama hawasikii, na shemeji akaniambia tufanye vivyo hivyo. Lakini mtu mmoja akaita, "Mama! Mama!" Mama yangu akasimama. Atapitaje mtu anayemwita mama? Akamwamkia, akamuuliza habari za nyumbani, za mke, za watoto, na mvua kama imenyesha. Yule bwana hakujua Kiswahili sana, lakini maneno yao na yetu ni ndugu. Mama akisema mbuzi, naye anasema mbuzi. Nyama, nyama. Moto, moto. Wauzaji wa meza za jirani wakaja kusikiliza, na mama akawaamkia mmoja mmoja, kila mmoja na salamu yake kamili. Walimpa kigoda. Wakaacha kumuuzia.

Hata hivyo sitaki kudanganya. Mwisho wa maongezi mama alitoka na kiboko wa mti mwenye ufa mgongoni, na kanga yake mpya ilibaki pale mezani. Shemeji alisema ameibiwa kwa tabasamu. Mama alisema amebadilishana zawadi. Mimi nilimpima yule kiboko mkononi, nikaifikiria ile kanga, na mpaka leo sijaamua.

Jumapili baada ya kurudi, kina mama wa kwaya walijaa uani kwetu Mlali kupokea habari. Mama mkubwa alikuwa ameketi mbele kabisa. Amevaa gauni la bluu. Nilipoliona moyo ulinishuka, kwa sababu nilijua nitakachotakiwa kusema.

Shemeji aliketi mbali, kwenye baraza, ametugeuzia ubavu kama desturi inavyotaka. Akasema kupitia kwangu: hakuna maji, kuna joto na watu wa kukuvuta shati; pesa ya safari hiyo mnunulie vyombo vya kwaya. Mama naye kupitia kwangu akasema ni pazuri kupita picha. Watu wa kule wanaamkia hata mgeni, na amecheka kuliko siku ya arusi yake.

"Sasa tumsikie nani?" akauliza mwenyekiti wa kwaya, mama mnene mwenye sauti ya pili. "Wewe msema kati, usitubebee maneno ya watu. Wewe uliona nini?"

Nikatamani niwe na homa. Nikisema pabaya, safari imekufa na gauni linarudi sandukuni. Nikisema pazuri, nitawapeleka kina mama wa watu kutazama mwamba. Basi nikasema yote: koti la njano, uzi wa maji, kigoda, kiboko mwenye ufa, na daraja ambalo hatukulivuka. Nikasema sijui kama shemeji ana haki au mama ana haki. Nikasema maji yapo, ila sisi tulikwenda yakiwa yamesafiri.

Mama mkubwa akanyoosha pindo la gauni lake magotini.

"Yanarudi lini?"

"Machi. Aprili."

Wakaguna wote kwa pamoja. Machi na Aprili mtama unakomaa, na ndege wanashuka kama wamealikwa. Kwetu miezi hiyo mwanamke anahamia shambani, juu ya dungu, lile jukwaa la miti, akifukuza ndege kwa kombeo lake, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Nani ataondoka?

"Mimi nimeamia ndege tangu sijavunja ungo," alisema mama mkubwa. "Sijawahi kuona mwanamume amekatazwa kurusha jiwe."

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele. Mwenyekiti akapiga kigelegele. Waume waliokuwa wakisikiliza nje ya uzio wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na wake zao wakawaita kwa majina ya watoto wao, "Baba fulani, rudi hapa, kuna mkutano!" Shemeji akasimama aage, akijua upepo unakovuma.

"Mwambie mkwe wangu," mama alisema, macho yake kwenye kuku, "yeye safari hii haitaki, na sisi hatumlazimishi. Kombeo liko nyuma ya mlango."

"Mwambie mama nina kazi Mtumba!"

"Mwambie nimesikia ana siku zake za likizo."

Nilimtazama. Alijaribu kukaza uso, ukakataa.

"Mwambie mama," akasema mwishowe, "sisi Busi tulikuwa tunampiga ndege akiwa anaruka."

Aprili ilipofika kina mama waliondoka kwa basi la kukodi wakiimba, mama mkubwa dirishani na bluu yake. Mimi nilifunga cherehani nikaenda Mlali kumpikia uji karani wa Mtumba, ambaye alikuwa juu ya dungu na kofia ya majani, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Kuhusu kumpiga ndege akiwa anaruka, sikuona hata mmoja aliyeanguka, ingawa sikuwepo siku zote.

Siku ya tatu simu yangu ikaita. Alikuwa mama mkubwa. Niliweka sauti kubwa, na shamba zima likajaa ngurumo, kama mvua ya mawe juu ya bati lisilo na mwisho. Katikati yake kulikuwa na mtu anapiga makelele, na wanawake wengi wanacheka.

Shemeji akainama kutoka juu. "Anasema nini?"

"Sisikii. Ni maji tu."

Akasikiliza, kombeo limening'inia mkononi. Nyuma yake kundi zima la ndege likatua kwenye mtama bila wasiwasi, na yeye akatabasamu kama mtu aliyefika.

"Mwambie," akasema, "mistari miwili ya mtama imekwisha kuliwa. Lakini asiharakishe kurudi."