Vidonge vya Mama Kezia

Mpaka anastaafu, Damaris hakuwahi kutundika dripu ya kwinini, dawa ya malaria, kabla ya kummulika mgonjwa macho. Wauguzi wa hospitali ya Rangwe walimtania kwamba anatafuta mchumba humo ndani. Yeye alicheka nao, kisha akawasha tochi.

Mazoea hayo aliyapata kwa mgonjwa aitwaye Benta, wakati wa mvua za mwaka wa 1996. Msimu huo kila aliyeletwa akiweweseka alikuwa na malaria iliyopanda kichwani. Benta, mjane kijana, aliletwa na mama mkwe wake, Kezia.

"Ni malaria, daktari," Kezia alisema. "Tangu asubuhi anaongea na watu hawako."

Damaris alikuwa afisa wa kliniki, si daktari, lakini alishachoka kusahihisha watu. Alitundika dripu ya kwinini, akamshika Benta mkono kutafuta mshipa. Moyo ulikuwa unakwenda mbio ajabu. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu, na mboni za macho zilikuwa zimetanuka, hazishtuki kwa mwanga wa tochi. Malaria haifanyi macho hivyo. Aliifunga dripu kabla tone halijaingia, kwa maana kama Benta alikuwa amemeza alichokishuku, kwinini ingeumaliza moyo ule.

"Mama, amemeza nini?"

"Hakuna kitu amemeza."

Damaris alielewa. Kujaribu kujiua ilikuwa kesi ya polisi, na nyumbani ilikuwa aibu. Aliwatoa nje jamaa wengine waliowasindikiza, akachuchumaa mbele ya Kezia.

"Mimi si polisi, Mama. Nikikosea dawa, tutamzika."

Kezia akafungua fundo la leso. Ndani mlikuwa na kikopo kitupu cha vidonge vya amitriptilini.

"Ni yangu, nyathina, mwanangu, ya miguu kuwaka moto," alisema, akaanza kulia. "Niliogopa watamfunga."

Kabla hajamaliza, Benta alishikwa na degedege. Damaris aliituliza kwa sindano, kisha akampa bikaboneti mshipani, dawa ya kuulinda moyo dhidi ya sumu ile. Akaendelea kuiongeza, vidole vikiwa shingoni mwa mgonjwa, mpaka mapigo yakaanza kutulia. Alimsindikiza mwenyewe hadi hospitali ya Homa Bay, akiomba kimoyomoyo njia nzima.

Alirudi kumwona siku Benta alipopata fahamu. Alijiandaa kwa kilio, au hasira ya mtu aliyeokolewa bila kupenda. Benta alitazama dari.

"Dawa ya Mama nimemaliza yote," alisema. "Sasa usiku atalala aje na hiyo miguu?"

 Damaris akatoka nje kumwita Kezia.