Jina Lisilokuwamo Daftarini

Mtaani walimwita Mama Mizani, na wengi hawakuwahi kujua kama ana jina jingine. Kwa miaka kumi na tisa, kila Alhamisi, alisimama kwenye kona ile ile ya ukumbi wa chama, chini ya ndoano iliyofungwa kwenye boriti, akiwavalisha watoto wa watu ile suruali ya turubai, akiwaning'iniza kwenye mizani na kuusoma mshale. Alikuwa na mkono mwepesi. Mtoto alijikuta yuko hewani, ameduwaa, na kabla hajaamua kama jambo hilo ni la kuchekea au la kulilia, alikuwa amekwisha kurudi mapajani kwa mama yake.

"Kilo saba na robo!" alikuwa akisema. "Huyu baba yake ana duka la unga, nini?"

Akina mama walicheka. Lakini mshale ukiwa umeshuka tangu mwezi uliopita, hakutangaza. Alimwinamia mama wa mtoto, akamwambia sikioni, kisha akampeleka mwenyewe kwa muuguzi kwenye chumba cha ndani.

Chama chenyewe hakikuwa na makuu. Kilianzishwa na mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye miwani mizito ambaye wote walimwita Mwalimu, pamoja na wenzake wanane waliochoka kuona wajawazito wakikaa nyumbani hadi siku ya uchungu bila kupimwa hata mara moja. Walipewa ukumbi uliokuwa zamani ghala la karatasi la kiwanda cha uchapaji, na hata baada ya kupakwa rangi mara tatu, siku za mvua kuta zilinuka wino. Hakuna aliyelipwa. Muuguzi alitoa siku yake ya mapumziko. Wengine walikuja na mikono yao tu. Mama Mizani alijiunga mwaka ambao mwanawe wa mwisho alianza shule, na hakuwa na kisa chochote cha kuliza watu cha kueleza kwa nini.

"Nyumba ilikuwa kimya mno," alisema kila alipoulizwa. "Na mume wangu ni fundi saa. Hebu jaribu wewe kukaa na mtu anayetazama saa kutwa nzima!"

Shida ilianza chama kilipovuma. Kutoka akina mama ishirini kwa siku wakafika mia na zaidi. Wakawa wanasukumana mlangoni, mpaka siku moja mjamzito akaangushwa kwenye ngazi. Katika kikao kilichofuata, Mama Mizani ndiye aliyetoa wazo la namba: vibao hamsini vya mbao, anayewahi apate, vikiisha vimekwisha, waliobaki waje wiki ijayo. Wenzake wakashukuru kweli. Foleni ikanyooka, kelele zikapungua, na yeye, tuseme ukweli, akajivunia.

Alhamisi moja joto lilikuwa halisemeki. Muuguzi alikuwa na mafua, amevimba macho, na vibao vilikuwa vimekwisha kabla ya saa tatu asubuhi. Saa saba kasoro, Mama Mizani alipokuwa anaishusha mizani kutoka kwenye ndoano, akaingia binti mmoja wa miaka kama kumi na tisa hivi. Miguu imejaa vumbi hadi magotini. Mtoto kamfunika shuka la kijani mpaka kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole, namba zimekwisha."

"Mtoto anaharisha tangu juzi. Leo hanyonyi."

Kila aliyechelewa alikuwa na mtoto anayeharisha. Maneno hayo yalikuwa yamekuwa kama hodi. Watu waliyasema ili wafunguliwe. Mama Mizani alikuwa ameyasikia asubuhi ile tu mara nne, na wawili kati ya watoto hao walikuwa wanatafuna mkate.

"Mpe maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo," akamwambia. "Asipopata nafuu mpeleke hospitali. Na Alhamisi ijayo uwahi, eh? Saa moja uwe hapa, mimi nitakuwekea kibao."

Binti akasimama kidogo, kama anayetaka kuongeza neno. Kisha akasema, "Sawa, mama," akageuka. Mama Mizani hakulifunua lile shuka. Hakumuuliza jina. Aliifuta mizani, akaenda zake nyumbani kuoga.

Mtoto alifariki Jumamosi asubuhi.

Habari zilimfikia Jumanne, redioni, akiwa amempelekea mumewe chai kwenye meza yake ya kazi. Kaka wa yule binti, kinyozi, alikuwa amepiga simu kwenye kipindi cha asubuhi na kueleza yote: joto, mwendo wa miguu, vibao, shuka la kijani. Mtangazaji akauliza kwa sauti ile yao ya kuchochea moto, "Kwa hiyo ndugu wasikilizaji, hiki ni chama cha ustawi wa mama na mtoto, au cha kuwafukuza mama na mtoto?" Basi simu zikamiminika. Mmoja akasema maziwa ya msaada yanauzwa kwa mlango wa nyuma, jambo ambalo halikuwa kweli hata chembe. Mwingine akasema akina mama wale wanapenda kupigwa picha. Wakatia chumvi, wakatia na pilipili. Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja aliyezungumza polepole, bila hasira, akasema yeye alirudishwa mara tatu, akaona aibu kwenda mara ya nne.

Fundi saa alikuwa ameshika kigurudumu kidogo kwa kibano. Akakiweka chini.

"Ni nani huyo aliyemrudisha?" akauliza.

Mama Mizani alikuwa bado na birika mkononi. "Ni mimi, baba watoto," akasema. "Ni mimi."

Kamati ilikutana kesho yake. Mweka hazina, mwanamke mnene mwenye roho nyepesi, alilia tangu alipoingia. "Miaka yote hii tumejitolea! Leo tunaitwa wauaji!" Wengine walitaka kumshtaki mtangazaji. Mwalimu aliwaacha waseme hadi wachoke. Kisha akafungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa Alhamisi, jina kwa jina, hadi mwisho.

"Binti huyu hayumo," akasema. "Nimetazama na wiki zilizotangulia. Hayumo kabisa."

Chumba kizima kikapumua. Mama Mizani peke yake ndiye hakupumua. Alingoja wenzake watoke, akamsaidia Mwalimu kupanga viti, halafu akasema, "Mwalimu, alikuja. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Mwalimu akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya gauni lake. Aliifuta muda mrefu.

"Una hakika ni huyo huyo? Wanakuja wengi."

"Shuka la kijani. Aliniambia hanyonyi."

"Sikiliza, dada yangu." Sauti ya Mwalimu ilikuwa ya upole, na ndiyo maana ilikuwa ngumu kuipinga. "Tukisema hivyo, watatufungia chama wiki hii hii. Tuna wajawazito karibu mia mbili. Watakwenda wapi? Daftari linasema hayumo, na sisi tutajibu kwa daftari. Hatutasema uongo, hata neno moja."

Na kweli, siku taarifa ilipoandikwa, haikuwa na uongo hata neno moja. Mama Mizani aliisoma mara nne akitafuta, hakuona. 

Jumamosi chama kiliita mkutano wa hadhara, na ukumbi ukafurika. Watu walikaa hadi madirishani. Yule binti alikuwa safu ya tatu, katikati ya kaka yake kinyozi na mama mkwe wake, amejifunga kitambaa cheusi, macho yake yameganda sakafuni. Mwalimu akasimama, akasoma.

"Chama kimesikitishwa mno na kifo cha mtoto wetu huyu, na kinatoa pole kwa familia. Tumepitia kumbukumbu zetu zote kwa uangalifu. Hatukuona mahali popote panapoonyesha kwamba mama huyu aliwahi kuandikishwa au kupokelewa kwenye ukumbi wetu..."

 Kisha mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Kumbe hakuja!"

"Alikaa nyumbani mtoto akamfia," akadakia mwanamke wa dirishani, "sasa anatafuta wa kumbebesha!"

Minong'ono ikaenea kama maji yaliyomwagika. Watu wale wale waliokuwa wamekuja kukisulubu chama sasa walikuwa wanageuka vitini kumtazama binti. Mama mkwe wake naye akageuka, taratibu, shingo ngumu.

"Uliniambia ulikwenda," akasema.

"Nilikwenda, mama."

"Uliniambia walikurudisha."

"Nilikwenda," binti akarudia, na mara ya pili sauti haikufika hata kwa kaka yake.

Mama Mizani alikuwa ameketi mbele, pamoja na kamati, hatua sita kutoka hapo. Alimwona mama mkwe akisogeza kiti chake upande. Kidogo tu, upana wa kiganja. Akasimama bila kujua amesimama.

"Alikuja," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Akajikaza, akapaza sauti. "Nasema alikuja! Alhamisi ile, saa saba kasoro. Aliniambia mtoto hanyonyi, nami nikamwambia namba zimekwisha. Sikumtazama mtoto. Jina lake halimo kwa sababu sikumuuliza jina. Na hizo namba, wazo lilikuwa langu."

Mwalimu akakaa chini, taarifa mkononi. Kinyozi aliruka kama aliyechomwa, akamtolea Mama Mizani maneno yasiyoandikika, na ilibidi wanaume wawili wamshike. Vurugu ikazuka, benchi likaanguka. Katikati ya kelele hizo zote, Mama Mizani alimwona yule binti akifunika uso kwa mikono miwili na mabega yakianza kumtetemeka. Mama mkwe alimtazama, akarudisha kiti mahali pake, akamwekea mkono mgongoni. Hilo ndilo jema pekee lililotoka ukumbini siku ile.

Yaliyofuata yalikuwa ya kuvunja moyo. Redio ilipata mlo wa wiki nzima. Watu waliokuwa wakileta sabuni na nguo za watoto wakaacha bila kuaga. Vibao vilichomwa moto, ukawekwa utaratibu mpya wa kumwona kwanza kila mtoto mgonjwa, lakini waliokuja kuutumia walikuwa wachache. Mweka hazina akikutana na Mama Mizani barabarani alivuka upande wa pili. Halafu ikaja barua fupi yenye muhuri, ikimwomba "apumzike kwa muda". Aliisoma, akaikunja, hakubishana.

Mwezi ulipokwisha, alikwenda kwa yule binti. Fundi saa alitaka kumsindikiza, lakini yeye akakataa. Palikuwa ni vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na binti alikuwa ameketi kizingitini, anachambua mchele kwenye sinia. Hakuinuka, wala hakumfukuza.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu."

"Ulishasema pale ukumbini."

"Pale nilisema na watu. Sasa nasema na wewe."

Binti akaendelea kuchambua. Cheche za karakana zilionekana kwenye ufa wa ukuta, zikizimika moja moja.

"Alikuwa na miezi saba," akasema hatimaye. "Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Na jina lake hulijui."

"Silijui."

"Basi sitakuambia." Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayekataa kuazima chombo. Kisha akasema jambo ambalo Mama Mizani hakulitegemea. "Siku ile, wakati narudi, nilikuwa najituliza njia nzima. Nikawa najiambia, yule mama ni mzoefu, ameona watoto wengi. Kama ingekuwa hatari, angeshtuka. Ndiyo maana sikupitia hospitali. Nilikuamini."

 Mama Mizani alisimama pale mpaka mchele ukaisha kwenye sinia, binti akaingia ndani. Hakurudi tena nyumba ile. Baada ya miezi michache akasikia kwamba binti na mumewe wamehama, na hakuna aliyejua vizuri wamehamia wapi.

Mwalimu alimtembelea mara moja, siku ya Ijumaa jioni, jua bado lipo. Alikuwa amepungua. Alikaa kwenye kiti cha fundi saa, akapewa chai, akaizungusha kikombeni bila kunywa.

"Jana walikuja kumi na mmoja," akasema.

"Watarudi, Mwalimu."

"Rudi wewe kwanza. Barua ile niiandike upya?"

Mama Mizani akatikisa kichwa. "Nikimshika mtoto sasa mikono inatetemeka. Juzi mjukuu wangu nilimrudisha kwa mama yake haraka haraka, akadhani naumwa."

 Saa za ukutani, kumi na ngapi sijui, ziligonga kila moja kwa wakati wake. Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Mara nyingi huwa nawaambia watu kwamba kama ungeniambia mapema mimi peke yangu, tungeitafutia njia nzuri zaidi," akasema. "Nimelisema hilo mpaka kwa kamati."

"Nilikuambia, Mwalimu. Tulikuwa tunapanga viti."

"Najua." Mwalimu akavua miwani, na safari hii hakuifuta. "Uliniambia, nami nilikusikia vizuri."

 Mama Mizani aliinuka, akaimwaga ile chai iliyopoa, akamletea nyingine ya moto, na wanawake wale wawili wakakaa pamoja, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka fundi saa alipokuja kufunga madirisha.