Usingizi wa Kifaranga

Mama Pindo, fundi cherehani, aliishi na bintiye katika chumba kimoja: kitanda upande huu, cherehani upande ule, pazia katikati. Mchana alishona kiwandani, jioni akashona nguo za majirani. Baba mtu alikwenda kutafuta kazi, akapotelea hukohuko.

Binti alikuwa na miaka sita. Mama yake alimwita Kifaranga.

Mwalimu akamwita mzazi shuleni. "Mwanao ana akili, lakini anafika hapa hoi. Analala juu ya daftari."

Nesi wa zahanati alimpima, hakuona ugonjwa. "Dada, huyu ana usingizi tu. Mtoto wa umri huu alale kwa muda usiopungua saa tisa, tena alale wakati uleule kila siku. Taa izimwe, kelele zisiwepo."

"Kelele zenyewe ni mimi," Mama Pindo akajibu.

Alijaribu. Baada ya kula alimwogesha, akamsimulia kisa kifupi, akazima taa, akakaa gizani mikono mapajani. Kifaranga akalala fofofo. Darasani akaanza kunyoosha kidole.

Lakini magauni ya watu yalichelewa. Wateja wakahamia kwa fundi wa mtaa wa pili, na sufuria ikaanza kuinjikwa mara moja kwa siku. Mama Pindo akawasha taa tena. Alitandika blanketi chini ya cherehani kupunguza mtikisiko. Wapi! Kila akikanyaga pedali, nyuma ya pazia macho yalifumbuka.

Dada mkubwa wa Mama Pindo akaja. "Nipe nikae naye. Kwangu kuna chumba cha watoto."

"Kwa muda tu, dada."

"Kwa muda tu."

Huko Kifaranga alinawiri. Shule zilipofungwa, akaja kwa mama yake. Jioni ya kwanza alijigeuzageuza kitandani, ingawa cherehani ilikuwa kimya.

"Mama, nataka kwetu."

"Hapa ndipo kwenu, mwanangu."

Mtoto akaitikia kwa adabu, kama mgeni aliyepewa kiti kibovu. Hakupata usingizi.

Asubuhi Mama Pindo akamrudisha mwenyewe. Kifaranga alimkimbilia mama mkubwa, akavua viatu, akapanda kitandani mchana kweupe.

"Ngoja kidogo, ataamka umuage," dada akasema.

Alingoja mpaka kivuli cha nyumba kikafika barabarani. Mtoto hakuamka. Mama Pindo akamfunika miguu, akaondoka.