Foleni ya Mama Mkasi

Siku hizi mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto umeshika simu. Nimeona mfuko wa unga wenye picha ya mtoaji kubwa kuliko unga wenyewe, na nimeona mama mtu mzima akiambiwa ausogeze mfuko huo karibu na uso, atabasamu, asogee tena kidogo, hapo kivuli kinamharibu. Zamani mtu alikuwekea kikapu kizingitini akaenda zake, na kesho yake mkikutana sokoni anakusalimu kama hajui hata mlango wako unaelekea wapi. Hayo yamekwisha. Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakuna aliyemwambia kwamba yamekwisha.

Ni fundi cherehani wa ukumbi wa mtaa wetu. Watu humwita Mama Mkasi, wala si kwa sababu ya mkasi unaoning'inia shingoni mwake tu. Ulimi wake nao unakata. Mimi ndiye mshika funguo za ukumbi, kwa hiyo nimekaa naye miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu mke wangu, na nimetukanwa mara nyingi zaidi.

Chumba chake kiko nyuma ya ukumbi. Kuna cherehani ya kukanyaga, pasi ya mkaa, meza iliyochorwa chaki mpaka mbao zake zimepauka, na chupa za vifungo zimejaa rafu nzima. Kamati ya msaada hukusanya nguo kwa wenye nazo ili zifike kwa wasio nazo. Kwingine nguo hizo humwagwa juu ya meza, watu wakachagua mbele za watu, mmoja akashika shati na mwenzake akalivuta. Kwake hapana. Tangu alipoanza aliweka utaratibu wake: kila mtu mtaani, awe na nyumba ya ghorofa au chumba cha kupanga, alete nguo yake iliyochanika naye ataishona. Ijumaa wote hupanga foleni moja kuja kuzichukua au kuleta nyingine, na kila anayechukua hukabidhiwa furushi la karatasi ya kaki lililofungwa kwa uzi. La mwenye nacho lina suruali yake iliyotiwa kiraka. La asiye nacho lina gauni lake lililotiwa kiraka, na ndani ya gauni limekunjwa sweta la mtoto, au shati la shule, au koti. Mafurushi yenyewe yanafanana kama mayai. Unaweza kusimama nyuma ya mtu asubuhi nzima usijue amekuja kuchukua nini.

Na nguo ya msaada haitoki kwake kama ilivyoingia. Huanza kwa kukata vifungo. "Watu husahau nguo, babu," aliniambia, "kifungo hawakisahau." Akishamalizana na kola, mikono na rangi, hata aliyeivaa miaka miwili hawezi kuitambua.

Siku moja nilimchokoza. "Nguo ya kuazima haisitiri makalio, Mama Mkasi. Wahenga walisema."

"Wahenga hao walikuwa na fundi mbovu. Shika pindo hapa, na ufunge mdomo, usije ukanipindishia mshono."

Nikashika. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, maana mtoto mwenye baridi hatazami kifungo. Akaendelea kukanyaga cherehani.

"Nilipokuwa darasa la pili nilipewa gauni na tajiri mmoja," akasema. "Binti yake akanikuta bombani, watu wamejaa na ndoo zao. Akaniambia, hebu geuka nione, doa langu la wino bado lipo? Nikageuka." Akakata uzi kwa meno. "Mpaka leo sijui kwa nini niligeuka."

Nikamsogezea pindo jingine.

Lakini dunia haikumngojea. Nguo siku hizi zinauzwa za kuvaliwa mara tatu. Ikichanika inatupwa, na mwenye nacho akiambiwa habari ya kiraka anadhani unamtukana. Mmoja mmoja wakaacha kuja. Foleni ya Ijumaa ikabaki ya wenye shida watupu, na wapita njia wakaanza kuiangalia wanavyoangalia foleni za namna hiyo. Mama Mkasi aliliona hilo kabla yangu. "Foleni yangu imebaki uchi," akasema, na siku hiyo hakunitukana.

Ndipo akaja Mama Dobi. Huyu ni mjane anayefua nguo za nyumba za watu, vidole vyake vimekunjamana kwa sabuni. Ana binti mmoja. Mwaka uliopita binti huyo alipewa sweta na wale watu wa picha, akalivaa shuleni, na mvulana mmoja akapiga kelele, "Jamani, sweta la dada yangu linatembea!" Darasa zima likaangua kicheko. Binti akakaa nyumbani muhula mzima, akifua na mama yake, na aliporudi shuleni alirudi shingo upande. Sasa mwalimu alikuwa amemchagua aghani shairi siku ya wazazi, na mghani havai sare, huvaa nguo ya heshima. Hakuwa nayo.

"Mwenzangu, nakwambia ukweli," Mama Dobi akasema. "Akichekwa tena, harudi shule. Amekwisha kuapa. Nami sina nguvu ya kumburuta. Nitamnunulia beseni lake, basi, tufue wote mpaka tuzeeke."

"Hilo beseni lisubiri," akajibu Mama Mkasi.

Katika lundo lote, gauni la kumtosha lilikuwa moja tu, na nililitambua mara moja. Lilitoka nyumbani kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mkewe tunamwita Mama Saruji. Lilikuwa la manjano, lenye kola nyeupe pana kama sahani, na mikono iliyojaa kama puto. Binti wa Mama Saruji anasoma darasa moja na binti wa dobi, na gauni hilo alilivaa siku ya wazazi iliyopita, akasimama mbele kabisa.

"Shule nzima imeliona hili," nikasema.

"Basi shule nzima italisahau."

Nimesoma vitabu vingi kwa taa ya kibatari, bila mwalimu, na humo nimesoma habari za watu waliojenga minara. Sijasoma habari ya mtu aliyefanya nilichokiona wiki ile. Alilifumua gauni lote mpaka likawa vipande mezani, kama kuku aliyechinjwa. Akalitia kwenye sufuria ya rangi ya buluu, likatoka kijani kilichoiva, kijani cha majani baada ya mvua. Mikono ya puto akaibana. Kola akaitupa, akakata nyingine ndogo ya kusimama. Vifungo vya mbele akavihamishia mgongoni, vingine kabisa, vya mbao. Nilikuwa naingia kuzima taa, natoka, naingia tena. Kitu kimoja tu hakukigusa: mfuko wa kubandika, ulio peke yake, upande wa kushoto.

"Mbona huo umeuacha?"

"Chini yake rangi haijapigwa jua. Nikiutoa, patabaki kama kovu." Akautazama kwa chuki. "Mfuko ni mfuko tu. Nani atautazama?"

Ijumaa Mama Dobi akalifungua furushi palepale chumbani, mlango umefungwa. Huyu alikuwa amelifua gauni lile kwa mikono yake, akalipiga pasi, akalipeleka kwa Mama Saruji limekunjwa, si mara moja wala mbili. Akakipapasa kitambaa. "Ee Mungu wangu. Kitambaa kipya hiki mmekitoa wapi?"

Mama Mkasi akanitazama juu ya miwani yake. Mimi nilitoka nje, maana macho yangu siku hizi hayaaminiki.

Siku ya wazazi, mimi na Mama Mkasi tulikaa benchi la nyuma kule shuleni. Binti wa dobi akapanda jukwaani na kijani chake, kwaya imepangwa nyuma yake kwa sare, na katikati ya kwaya yumo binti wa Saruji. Mghani akaanza. Sauti ilitetemeka, kisha ikakaa. Katikati ya shairi jasho likamtoka, akataka leso yake. Mkono wake wa kulia ukavuka tumbo lote kwenda kuitafuta kwenye mfuko wa kushoto.

Mama Mkasi akanibana kifundo cha mkono. "Mashoto," akanong'ona. "Yule mtoto wa Saruji ni mashoto. Mfuko ule alishonewa kwa ajili ya mkono wake. Nimekwisha, babu."

Nami niliona. Binti wa Saruji alikuwa anautazama mfuko. Mkono wake wa kushoto ukashuka ubavuni, ukapapasa sketi ya sare mahali pasipo na mfuko. Kisha akainua kichwa akatazama mbele, na kwaya ilipoitikia, akaitikia.

Makofi yalipokwisha tulienda mbio kama wazee wanavyoweza. Tulichelewa. Mama Saruji alikwisha kumshika binti wa dobi begani.

"Gauni hilo! Kijani hicho! Nani amekushonea, mwanangu?"

Mtoto akaanza kuikunjakunja leso yake. Nyuma yake mama yake alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Mama Mkasi," akajibu binti wa Saruji, akijipenyeza katikati yao. "Mimi mwenyewe nilikuwepo akipimwa."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Kwa Mama Mkasi mtoto hapimwi mbele ya mtu.

"Basi na wewe akushonee kama hilo hilo."

"Kijani hakinipendezi, mama. Twende, soda zinaisha." Akamvuta mama yake mkono, na hakugeuka nyuma.

Tulirudi ukumbini. Nilimfungulia mlango, akakaa kwenye cherehani bila kukanyaga.

"Amejua," akasema. "Amejua, na hakumwambia ageuke."

Jumatatu binti wa dobi alikwenda shule. Ijumaa akaja kwenye foleni na mama yake, na nyuma yao akasimama binti wa Saruji, amekunja sketi mkononi.

"Imechanika, bibi."

Mama Mkasi akaisogeza dirishani. Nami nikachungulia. Kitambaa kilikuwa kizima. Mshono ulikuwa umekatwa kwa wembe, uzi baada ya uzi, taratibu.

"Imechanwa na nini?"

"Msumari."

"Msumari mbaya huo. Waambie na wenzako wajihadhari nao."

Mtoto akamtazama kidogo. "Nitawaambia."

Sisemi ya kale yamerudi. Picha bado zinapigwa huko nje. Nasema tu kwamba Ijumaa iliyofuata walikuja wasichana wa darasa lile, na mama wawili wa nyumba za ghorofa nyuma yao, kila mtu amefuata nguo yake iliyochanika na kushonwa wiki ile. Nilisimama mlangoni na funguo zangu, nikayaangalia mafurushi ya kaki yakitoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sikujua nani amebeba nini.